Kura ya kipepeo: wote waliiangalia, hakuna aliyeitoboa

Chukua daftari, lifungue katikati, kurasa mbili zitazamane. Ukurasa wa kushoto panga majina sita toka juu kwenda chini. Wa kulia panga manne, ila hayo ya kulia yashushe kidogo yasilingane na ya kushoto, yaani kila jina la kulia likae usawa wa mwanya ulio kati ya majina mawili ya kushoto. Sasa pale kwenye mkunjo toboa vitundu, mstari mmoja tu, kimoja chini ya kingine. Kitundu cha kwanza ni cha jina la kwanza kushoto. Cha pili ni cha jina la kwanza KULIA. Cha tatu ndo cha jina la pili kushoto. Cha nne kinarudi kulia tena, na inaenda hivyo zigizaga mpaka chini.

Kama imebidi urudie kusoma usijali, hujawa mjinga. Hiyo ndo karatasi ya kura ya urais waliyokutana nayo watu wa kaunti ya Palm Beach, jimbo la Florida, Marekani, Jumanne ya tarehe 7 Novemba 2000. Wakaiita kipepeo kwa sababu ya zile kurasa mbili zilivyotanuka kama mbawa. Mi kila mtu akiniambia "dizaini tumeshaikagua, wakubwa wameipitisha, twende laivu" huwa namuuliza kama anakijua hiki kisa, na wengi wanaijua ile habari ya kurudia kuhesabu kura na vipande vya karatasi vilivyobaki vinaning'inia kwenye kadi, ila hii ya kipepeo wanaijua juu juu tu. Basi leo nakimwaga chote.

Kwanza mashine. Ilikuwa inaitwa Votomatic, na ukisikia mashine usifikirie skrini, ni kisanduku tu cha kukuwekea kadi yako sawa. Unapewa kadi ya karatasi ngumu, unaichomeka, inazama chini ya kijitabu kilichofungwa juu ya mashine. Majina ya wagombea yako kwenye kijitabu. Kadi yenyewe haina jina la mtu hata mmoja, ina namba tu. Unafungua ukurasa, unatafuta mtu wako, unafuata mshale mpaka kwenye kitundu, unatoboa kwa kijiti chenye ncha, ukimaliza unachomoa kadi unaenda kuitumbukiza. Sasa jiulize: umechomoa kadi, unaiangalia, unaona umetoboa namba 4. Namba 4 ni nani? Hujui, kijitabu kimebaki kwenye mashine. Mashine hailii wala haikwambii "umemchagua fulani, una uhakika?" Yaani ile meseji ya kuthibitisha ambayo sisi tumezoea hata ukituma elfu tano kwa simu, pale haikuwepo kabisa.

Aliyeipanga karatasi alikuwa msimamizi wa uchaguzi wa kaunti, Theresa LePore, na naomba tuelewane mapema maana watu wanapenda sana njama: mama huyu alikuwa wa Democratic, kimoja kati ya vyama viwili vikubwa vya Marekani, kilekile kilichoshindwa na kuja kulia baadae. Wala hakuwa mgeni wa kazi, ofisi ile aliingia akiwa bado binti, miaka ya 70 mwanzoni, na kufikia 2000 alikuwa ameshaona chaguzi nyingi kuliko wengi tunaomsema. Kilichomkuta ni hiki, Florida ilikuwa imelegeza masharti ya vyama vidogo kuingia kwenye karatasi, wagombea urais wakafika 10, kila mmoja na mgombea mwenza wake. Ukiwabana wote ukurasa mmoja herufi zinakuwa za kusomea kwa tochi. Na Palm Beach imejaa wastaafu, wazee waliohamia huko kufuata jua. Akawaonea huruma, akaongeza fonti, majina yakamwagika mpaka ukurasa wa pili.

Hapo ndo huwa nasimama kidogo nikisimulia hiki kisa, kwa sababu huyu mtu ALIKUWA anamfikiria mtumiaji wake. Anajua umri wake, anajua macho yake, kafanya kile ambacho kwenye kila semina ya dizaini tunaambiwa tufanye. Ukimuuliza angekwambia karatasi yangu inasomeka, na kweli ilikuwa inasomeka. Kusomeka kitu kimoja, kutumika kitu kingine.

Mpangilio wa majina haukuwa hiari yake. Sheria ya Florida ilisema chama cha gavana kinatangulia, na gavana alikuwa Jeb Bush wa Republican, kaka yake ndo mgombea, George W. Bush. Kwa hiyo kushoto juu kabisa akakaa Bush, kitundu namba 3 (namba zilianzia hapo, usiniulize). Chini yake, jina la pili, Al Gore wa Democratic, namba 5. Namba 4 iko wapi? Iko katikati yao, na mshale wake unatokea upande wa kulia, kwa Pat Buchanan wa chama cha Reform.

Sasa vaa macho ya mzee wa miaka 78. Foleni imekushinda miguu, nyuma kuna watu. Umekuja na mtu wako mmoja kichwani, Gore. Unafungua, macho yanaanzia kushoto kama ulivyofundishwa kusoma toka utotoni, wa kwanza Bush, wa pili Gore, safi, nishamuona. Kidole kinahamia kwenye vitundu, cha kwanza, cha pili, toboa. Ukurasa wa kulia hata hujautazama vizuri, utauangalia wa nini na mtu wako umeshampata? Umempa Buchanan.

Kuna na ya pili, mbaya zaidi. Boksi la Gore lina majina mawili, lake na chini yake la mwenza wake Joe Lieberman. Ubavuni mwa hilo boksi kuna vitundu viwili vinalitazama, namba 4 na namba 5. Halafu kule juu maelekezo yanasema unapigia kura kundi. Kundi, majina mawili, vitundu viwili. Ungefanyaje? Wapo waliotoboa vyote, kimoja cha rais kingine cha makamu, wakatoka wameridhika. Kadi yenye vitundu viwili kwenye kura ya urais, kura yake ya urais haihesabiwi. Na wapo waliotoboa 4, wakashtuka, wakatoboa 5 wakidhani wanarekebisha. Unaruhusiwa kuomba kadi nyingine ukiharibu, lakini lazima kwanza ujue kwamba umeharibu.

Matokeo yalipotoka hata mtoto angeuliza. Buchanan kapata kura 3,400 na ushee Palm Beach. Kaunti iliyofuatia kwa kumpa kura nyingi jimbo zima, Pinellas, ilimpa elfu moja na kidogo. Palm Beach, ngome ya Democratic, yenye wazee wengi wa Kiyahudi walioenda siku hiyo kumpigia Lieberman, Myahudi wa kwanza kuwekwa na chama kikubwa kwenye tiketi ya urais, ndo iongoze kwa kumpenda Buchanan? Mwenyewe Buchanan siku chache baadae akasema kwenye televisheni kwamba nyingi ya zile kura hazionekani kuwa zake. Mgombea anakana kura, hebu fikiria.

Upande wa kadi zilizotobolewa zaidi ya mara moja zilikuwa zaidi ya 19,000 kwenye kura ya urais peke yake. Mwaka uliofuata gazeti la kule, Palm Beach Post, wakazipitia kadi zenyewe, wakakuta 5,330 zimetobolewa Gore na Buchanan, yaani 4 na 5. Nyingine 2,908 zimetobolewa Gore na jirani yake wa chini, David McReynolds wa Socialist, namba 6. Utaona makosa yameganda kuzunguka namba 5 kama nzi kwenye embe. Na kama mtu atakwambia "hao wazee hawajui tu kupiga kura", muulize mbona kura ya useneta, watu walewale, kadi ileile, kijiti kilekile, siku ileile, zilizotobolewa mara mbili hazikufika 4,000? Ile ya seneta haikuwa kipepeo.

Ushahidi ninaoupenda mimi lakini ni mwingine. Kuna watu walipiga kura kwa posta, kaunti hiyohiyo, na karatasi yao ilipangwa tofauti, haikuwa na mbawa. Kikundi cha wanasayansi ya siasa wakalinganisha, wakachapisha 2001: waliopiga kwa posta, Buchanan alipata kama watu 2 kati ya 1,000. Waliokwenda kituoni, kama 8 kati ya 1,000. Mara nne. Ukiwa kazini kwetu hiyo ni testi ya A na B kabisa, watu wa eneo moja, wagombea walewale, kilichobadilika dizaini tu, bahati mbaya aliyeifanya hakujua anaifanya na gharama yake ilikuwa urais. Hesabu yao ikaonyesha zaidi ya wapiga kura 2,000 wa Democratic walimpa Buchanan bila kukusudia. Bush alichukua Florida kwa kura 537, kati ya karibu milioni 6 zilizopigwa, na Florida ndo ikampa nchi.

Sasa twende kwenye kiini, maana hayo mengine yameshasimuliwa sana. Swali ninaloulizwa kila mara: ina maana hakuna aliyeiona kabla? Jibu ni kwamba waliiona WOTE. Vyama vilionyeshwa, hakuna aliyepinga. Sampuli ilitumwa kwa wapiga kura majumbani kabla ya siku yenyewe. Magazeti yalichapisha. Yaani kwa lugha ya ofisini ilipata idhini ya kila mdau aliyekuwepo na ambaye hakuwepo. Na kila aliyeiangalia aliiangalia vipi? Kaikamata mkononi, karatasi bapa, amekaa kwenye kiti, kikombe cha chai pembeni, anakagua kama jina la mgombea wake lipo na kama halijakosewa spelingi. Lipo, liko sawa, pitisha. Hakuna aliyechomeka kadi chini yake. Hakuna aliyeshika kijiti. Kosa lote limekaa kwenye sekunde mbili za mkono kutoka kwenye jina kwenda kwenye kitundu, na hizo sekunde mbili haziwezi kuonekana kwenye karatasi inayosomwa, zinaonekana kwenye karatasi inayotumika.

Mi hili sikulielewa kwa kusoma, nililielewa kwa kukata manila. Huwa nakaa na vijana wanaoanza kazi ya dizaini hapa Dar, na siku moja nikawaambia hebu tuitengeneze hii karatasi, tusibishane. Tukachukua manila, kisu cha karatasi, na vijiti vya kuchokonolea meno. Wagombea tukaweka vyakula ili siasa isituvuruge. Kushoto wali maharage, ugali samaki, chipsi mayai, ndizi nyama, makande, pilau. Kulia chapati maharage, supu, mihogo, biriani. Chini ya manila tukaweka kadi yenye namba tupu, tukaishikiza na klipu. Nusu saa kazi imekwisha, gharama haikufika elfu tatu. Mgombea wetu wa pili kushoto, Gore wetu, ni ugali samaki. Chapati maharage ndo Buchanan.

Tukapata watu 12 wa pale jengoni na nje getini: mama anayetuletea chakula, bodaboda wawili, wahasibu wa ofisi ya jirani, mzee mlinzi, wasichana wa mapokezi. Kila mmoja anaambiwa kitu kimoja tu, "pigia kura ugali samaki", halafu sisi kimya. Kukaa kimya ndo kazi ngumu kuliko zote, vijana wangu ilibidi niwakanyage miguu chini ya meza maana mtu akisita tu wao midomo inawawasha kusaidia.

Mzee mlinzi nikamfuata mwenyewe.

"Shikamoo mzee, naomba dakika mbili zako."

"Marahaba. Isije ikawa mtihani."

"Si mtihani wako mzee, ni wa hii karatasi. Ikishindwa imeshindwa yenyewe."

Akaishika, akaisogeza mbali kidogo na macho, akakuta ugali samaki. Kidole cha kushoto akakiacha pale juu ya jina. Mkono wa kulia na kijiti ukaenda kwenye vitundu, ukasimama hewani. Ukashuka kwenye cha pili, ukapanda, ukashuka tena. Akaniangalia. "Kijana, ugali ni hiki au hiki? Maana vyote viwili vinamtazama."

Sikumjibu. Akafuata mshale kwa kucha, taratibu, akatoboa cha tatu. Akapata. Kwenye jedwali letu mzee yule ameandikwa "sahihi".

Mwishoni waliopata ni 11. Aliyekosea ni mmoja, mhasibu, tena aliyemaliza haraka kuliko wote, alichoma cha pili fasta akarudisha manila akasema tayari, na tulipomuonyesha alibisha kabisa, akadhani tumegeuza majina. Vijana wangu wakasema haya sasa, 11 kwa 12, mbona karatasi iko poa tu.

Hapo tukakaa chini na kalamu, na hii hesabu ningependa kila anayefanya kazi hii aipige angalau mara moja. Kuna ule msemo maarufu wa Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima dizaini kwa watumiaji, kwamba watumiaji watano wanatosha, wanakufichulia kama asilimia 85 ya matatizo. Ni kweli, lakini ndani yake kuna sharti ambalo watu hawalisomi: amekadiria kwamba tatizo moja linamkumba mtumiaji kwa nafasi ya asilimia 31 hivi. Sasa Palm Beach kura zilizopigwa ni zaidi ya 460,000 na zilizotobolewa zaidi ya mara moja 19,000 na kitu, hiyo ni kama asilimia 4. Ukichukua watu watano na tatizo linalomkamata mtu kwa nafasi ya asilimia 4, ni 0.96 (nafasi ya mtu mmoja kutokosea) unaizidisha kwa yenyewe mara tano, unapata kama 0.82. Maana yake mara nne kati ya tano hao watu wako watano watafaulu wote na wewe utaenda nyumbani ukijua kipepeo ni dizaini nzuri. Ukiongeza wakafika 20 bado ni karibu kurusha shilingi. Inabidi ufike kama 50 ndo uwe na uhakika wa kueleweka kwamba utamuona hata mmoja akikosea. Asilimia 4, kosa ambalo testi ya kawaida ya ofisini ingelipita bila kuliona, ndo lililoamua nani anaingia ikulu ya Marekani.

Kwa hiyo testi haisaidii? Ndo swali nililoulizwa na binti mmoja pale, na swali zuri. Nikamwambia rudisha video. (Tulirekodi mikono tu, sio sura, ukirekodi sura watu wanaanza kuigiza.) Tukahesabu upya, safari hii hatukuhesabu nani kakosea, tukahesabu nani kasita: mkono uliosimama hewani, kidole kilichofuata mshale, kijiti kilichogusa kitundu kimoja kikahamia kingine, mtu aliyeinua macho kutuangalia. Walikuwa 8 kati ya 12. Basi. Kosa linamkamata mmoja mmoja lakini wasiwasi unawakamata karibu wote, na wasiwasi huo unauona na watu watano, hata na watatu. Anayesita leo akiwa ametulia mezani kwako ndo atakayekosea kesho akiwa kwenye foleni, miwani kasahau nyumbani na nyuma mtu anakohoa. Ukiandika "sahihi" na "kakosea" peke yake umetupa taarifa yote ya maana uliyoitafuta. Kwa maoni yangu ripoti nyingi za testi ninazoletewa zina ugonjwa huu, asilimia ya waliofaulu imekolezwa wino juu kabisa, halafu sentensi ya yule mzee haipo popote.

Watu wa chuo kule Edmonton, Kanada, walifanya kitu kama chetu wiki chache tu baada ya uchaguzi, wao kisayansi zaidi. Walikwenda kwenye mall, wakawapa wapita njia karatasi zenye majina ya wanasiasa wa Kanada, wengine kipepeo, wengine safu moja. Watu mia na kidogo jumla. Wa safu moja hakukosea hata mmoja, wa kipepeo waliokosea unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ikachapishwa kwenye jarida la Nature Desemba hiyohiyo. Mall moja, karatasi kadhaa, mchana mmoja au miwili. Hiyo ndo kazi ambayo ingefanywa Septemba, kabla ya uchaguzi.

Na mama LePore, kumbuka, siku yenyewe alianza kupata taarifa mapema, watu wanatoka vituoni wanalalamika. Akafanya kinachofanywa na kila timu ambayo bidhaa imeshaenda laivu na haiwezi kurudi: akaandika tangazo. Waraka ukaenda kwa wasimamizi wa vituo uwakumbushe wapiga kura wamchague mtu mmoja tu, na watoboe kitundu kilicho karibu na mshale ulio karibu na namba iliyo karibu na mgombea wanayemtaka. Isome tena hiyo sentensi polepole. Mi naona waraka ule ndo ripoti bora ya testi iliyowahi kuandikwa kuhusu kipepeo, kwa sababu ili tu kueleza jinsi ya kuitumia ilibidi "karibu na" zipangwe tatu mfululizo. Ukikuta maelekezo ya batani yako yanahitaji sentensi ya namna hiyo, acha kuhariri sentensi, nenda kwenye batani.

Kesi ilifika mahakama kuu kabisa ya Florida, ikatoa uamuzi tarehe 1 Desemba kwamba karatasi haikukiuka sheria kwa kiwango cha kuibatilisha. Nadhani kisheria walikuwa sawa, hakuna sheria inayokataza kidole kusita. Tarehe 12 Desemba mahakama ya juu ya Marekani ikafunga mjadala mzima wa kuhesabu upya na Bush akawa rais. Kesi ile ya kitaifa haikuhusu kipepeo hata kidogo, ilihusu kuhesabu, na kuhesabu upya kusingesaidia, kadi ya yule mzee wa miaka 78 imetobolewa namba 4 vizuri kabisa, safi, haina kipande kinachoning'inia. Hesabu mara mia, itasema Buchanan.

Ngoja nimtetee LePore kidogo kabla sijamaliza, maana kuna watu wanasema angebana tu majina ukurasa mmoja au angeyapeleka kurasa mbili za kufuatana. Kaunti ya Duval, Florida hiyohiyo, siku hiyohiyo, walifanya hilo la pili: wagombea wakaanzia ukurasa mmoja wakaendelea ukigeuza. Sampuli iliyochapishwa gazetini ikaelekeza watu wapige kura kila ukurasa. Watu wakatii. Wakatoboa mmoja ukurasa wa kwanza, mwingine wa pili, kadi zaidi ya 20,000 zikaharibika, nyingi kuliko za kipepeo. Kwa hiyo haikuwa kwamba jibu liko wazi na yeye akaliruka. Kila mpangilio ulikuwa na shimo lake, na ambao ungekuonyesha shimo liko wapi ni mkono wa mtu akiwa ameshika kijiti.

Baada ya hapo Florida ikazipiga marufuku zile kadi za kutoboa 2001, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kusaidia majimbo kuboresha upigaji kura 2002, ikaundwa tume, wadizaini wakaitwa, ukatoka mwongozo mzuri tu wa jinsi ya kupanga karatasi ya kura. Ndani yake kuna ushauri mmoja unaonekana mdogo, usiweke kura yoyote chini ya maelekezo kwenye safu ya kushoto, watu wataruka.

2018, Broward, kaunti inayopakana na Palm Beach kwa kusini. Maelekezo kwa lugha tatu yamejaza safu ya kushoto toka juu mpaka karibu na chini. Na pale chini kabisa, mahali ambapo macho ya mtu yanapita kama yanavyopita kwenye vigezo na masharti, wakaweka kura ya seneta. Zaidi ya watu 20,000 waliopiga kura ya gavana hawakugusa ya seneta. Kwenye kiti hicho Rick Scott wa Republican alimshinda Bill Nelson wa Democratic kwa kura 10,033 jimbo zima, na Broward ni ngome ya chama cha Nelson. Sampuli ya karatasi ile ilitolewa kwa wapiga kura kabla ya siku, kama sheria ya Florida inavyotaka.